Tupu kwa Nani?

Kiingereza kina kivumishi chepesi, empty, kinachopendwa sana na wanaozitangaza fukwe za mashariki ya Unguja. Kwetu ni tupu. Swali ni kama kivumishi hiki kinaeleza mahali, au kinaeleza haja ya anayekitamka. Gilasi tunayoiita tupu imejaa hewa. Tumeiita hivyo kwa kuwa tulitaka maji. Kila utupu una kitu chake kilichokosekana, na kitu hicho aghalabu hakitajwi. Tena Kiswahili kinaongeza uzito: mchanga mtupu ni mchanga na si kingine chochote, kana kwamba msemaji amekwisha kuhesabu vyote vilivyopo. Dai kubwa hilo, na pwani ya Jambiani, kijiji cha mashariki huko huko Unguja, inalikataa.

Maji yakipwa, bahari hujivuta mpaka karibu na mwamba, na anayetazama kutoka juu huona weupe usio na mtu. Ndani ya mchanga huo mna makumbi ya nazi yaliyofukiwa miezi mingi ili yalainike, yapigwe, yasokotwe kamba ya usumba. Mbele yake kuna safu za vijiti na kamba za mwani, kilimo kilichoanza kibiashara hapa na Paje mwaka 1989 kwa mbegu kutoka Ufilipino; kila shamba lina mwenyewe, anayejulikana na jirani zake pasipo ua. Zaidi ya hapo ni njia za wachokoa pweza. Lakini kazi hizi hufuata bamvu, siku ambazo maji hupwa sana. Atakayefika siku za maji mafu na ramani yake ataandika “tupu”, na macho hayatakuwa yamemdanganya. Ameona watu hawapo, akahukumu kwamba wenyewe hawapo.

Utasema huku ni kuchambua maneno kupita kiasi, maana mgeni anayesifu ufukwe mtupu hakusudii ila kwamba hapana msongamano. Kweli, na kinywani mwa mgeni neno halina madhara. Shida huanza linapoingia kwenye sheria. Amri ya Wajerumani ya tarehe 26 Novemba 1895 iliifanya ardhi ya Bara isiyo na mwenyewe kuwa mali ya Taji, na waliokuwa wakiamua ipi haina mwenyewe ni wale wale waliokuwa wakiitaka. Pingamizi lenye nguvu zaidi linatoka nyumbani: fikihi yenyewe inatambua ardhi mfu, na anayeihuisha huimiliki. Ila mafakihi, wakiwemo wa madhehebu ya Shafi, walio wengi Unguja, wametoa harimu ya kijiji katika hukumu hiyo: malisho, njia, mahali pa kuokotea kuni, hata kama hapana jengo wala mche. Kwao uhai wa ardhi hupimwa kwa haja ya watu wanaoizunguka. Wahadimu, wenyeji wa pwani hii, nao waliuhesabu uwanda, ile ardhi ya mawe isiyo na mnazi, kuwa wa mji mzima, na sijui hoja gani ingeutenga ufukwe, ulio na kazi nyingi kuliko uwanda.

Linabaki gumu moja. Mwani wa aina ya kotonii, wenye bei nzuri kuliko ule wa spinosamu, umekuwa ukifa kadiri maji yanavyopata joto, na wako wakulima walioacha. Je, shamba lililoachwa si tupu? Nakubali kwamba harimu husimama juu ya haja, na haja ikikoma kweli kweli nayo hudhoofu. Lakini pale palipong'olewa vijiti bado hupita ngalawa na hutafutwa pweza, na kanuni ya kadhi ni kwamba ushahidi ni juu ya mwenye kudai. Anayesema haja imekwisha na aulete, na shahidi wa kwanza kuitwa awe mwanamke aliyeliacha shamba, aulizwe ameliacha kwa msimu au moja kwa moja.