Nyumbani Mwako Mna Nini?



Ndugu zangu, kuna suala ambalo limenikaa moyoni tangu likizo ya mwezi wa nane. Je, kumfundisha mtu kazi ni sadaka siku zote? Au yawezekana ukamfundisha mtu na ukawa umemdhulumu, ilhali nia yako ni njema na pesa ulizotumia ni za halali?

Jumuiya yetu ilinipa kazi ya kuandika pendekezo la mradi. Asili yetu ni Chula, kimoja cha visiwa vya Wabajuni kusini ya Kismayo. Mimi nimezaliwa Mombasa, kwa kuwa wazee wangu walikimbia vita vya mwaka 1991 na kupitia kambi ya wakimbizi ya Jomvu kama wengi wao. Basi ikaonekana mimi ndiye nijuaye. Nikaandika: vijana 20 wa Chula na visiwa vya jirani waletwe Kismayo kwa siku 10, wafundishwe kompyuta, ushonaji na ujasiriamali, kwa ushirikiano na taasisi moja ya huko. Wakati ni Disemba, maana ndipo sisi tunapofunga chuo.

Nilimsomea ami yangu, ambaye alivua Chula mpaka siku walipoondoka. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Disemba, mwanangu? Kaskazi?"

Kwa msiolelewa na bahari: wakati wa kusi bahari huchafuka na vyombo huvutwa pwani. Kaskazi ikiingia maji hutulia na kuwa meupe, mpiga mbizi huona chini, kamba mawe hupatikana, na deni lililoliwa miezi ya kusi hulipwa. Mimi nilikuwa nimechagua siku 10 za kuwatoa watu baharini katika miezi inayolisha mwaka mzima. Na tungewapiga picha wakitabasamu.

Usiku ule nilikumbuka kisa kilichopokewa na Abu Dawud, cha mtu wa Ansari aliyemjia Mtume (s.a.w.) akiomba. (Wako wanavyuoni walioizungumzia sanadi yake, nami si wa kuwaamulia.) Tumezoea kukisikia kwenye mawaidha ya kukemea uvivu: mtu kauziwa vitu vyake kwa dirhamu mbili, moja akanunulia chakula na ya pili shoka, akaenda kukata kuni, na siku 15 zilipokwisha akarudi na dirhamu kumi. Lakini tunapita mbio juu ya mwanzo wake. Kabla ya shoka lilikuja swali: je, nyumbani kwake mna kitu chochote? Mlikuwa na nguo, nusu wakijifunika na nusu wakiitandika, na chombo cha kunywea maji. Hiyo ndiyo rasilimali iliyonunua shoka. Haikutoka kwa mfadhili. Mpini nao Mtume (s.a.w.) aliutia kwa mkono wake, na siku ya kurudi ilitajwa.

Mimi swali hilo sikuliuliza. Ami alipoanza kuhesabu vilivyomo katika nyumba ya Chula, niliona haya. Kuna kujua milango ya miamba, wapi chombo hupita maji yakijaa na wapi hupasuka yakitoka. Kuna kuunda mashua na kuitia kalafati. Kuna elimu ya wazee waliomfunga chazo kamba mkiani, wakamwachia, naye akaenda kujigandisha kwenye gamba la kasa mpaka wakamvuta. (Kasa siku hizi analindwa, na siombi uvuvi huo urudi. Nasema tu kwamba aliyeligundua jambo hilo hakuwa mjinga.) Katika pendekezo langu, chini ya maelezo ya walengwa, niliandika "hawana ujuzi". Mimi, ninayetapika kwenye feri ya Likoni!

Somalia ina mfano mkubwa zaidi. Ukame wa 1974 na 1975 ulipoua mifugo, serikali ya Siad Barre iliwahamisha wafugaji zaidi ya laki moja. Wengi walipelekwa kulima, na baadhi yao wakapelekwa pwani, Barawa, Adale na Eyl, wafundishwe uvuvi. Njaa ilikuwa ya kweli na kuwaokoa kulikuwa wajibu. Lakini mvua ziliporudi, wanaume wengi waliacha mashua na kurejea malishoni. Sidhani walikuwa wavivu. Nyumbani mwao mlikuwa na ngamia.

Mwenzangu mmoja anayesoma uchumi hakukubaliana nami. Alisema huku ni kuwafungia watu ndani ya umaskini kwa jina la heshima. Kijana wa Chula akitaka kuwa mhasibu, tumwambie arudi kwenye nyavu kwa kuwa babu yake alikuwa hodari? Hoja hiyo ina uzito. Iko hadithi katika Sahih Muslim ya mitende ya Madina, ambapo Mtume (s.a.w.) aliwaachia wakulima mambo ya kilimo chao kwa kuwa wao ndio wajuzi wayo. Haizuii kujifunza jipya. Lakini inatutaka tujue mwenye jambo ni nani, na mwenye jambo si mimi. Wala si ami, aliyeondoka Chula zaidi ya miaka 30 iliyopita.

Liko pia neno "ushirikiano", ambalo nililiandika mara saba. Katika mudharaba, hasara isiyotokana na uzembe humwangukia mwenye mali, na mfanyakazi hupoteza jasho lake. Kila upande una cha kupoteza. Mafunzo yetu yangefeli, sisi tungerudi na ripoti, taasisi ingebaki na jina lake, na mvuvi angepoteza kaskazi. Huo ni ushirika gani?

Nimeiondoa Disemba. Kisha nikamtumia jamaa yetu aliyeko Chula ujumbe wa sauti: mna nini huko, na mnakwama wapi? Jibu lilikuja siku ya nne, upepo ukivuma ndani yake. Kamba wapo, alisema, lakini barafu hakuna, kwa hiyo bei anaitaja mnunuzi na wao hunyamaza. Mashine ya boti ikiharibika, fundi yuko Kismayo. Wangetuma vijana wawili wakajifunze ufundi huo wakati wa kusi, na chakula cha njiani watatoa wenyewe.

Mwisho akaongeza, kama aliyekuwa karibu kusahau: "Na binti yangu ataka kusomea ukunga. Hilo mnalo?"

Sijamjibu. Jumuiya inakutana Alhamisi baada ya Isha.