Ukishalipa Leseni, Umemlipa Nani?

Kucheza wimbo wa mtu bila kumlipa ni wizi ama si wizi? Hapa Donholm utapata majibu matatu kabla chai ipoe. Kinyozi atakwambia si wizi, kwani spika ni yake na stima analipa mwenyewe. Makanga atakwambia nganya inamtangaza msanii, kwa hivyo msanii ndiye anafaa kushukuru. Mwenye baa hatasema kitu. Atakuonyesha cheti kilichobandikwa nyuma ya kaunta, kama mtu ambaye kesi yake imeisha.

Kinyozi na makanga hawanisumbui sana. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inampa mwenye wimbo haki ya kuamua nani aupeleke kwa umma, na spika kuwa yako haifanyi wimbo uwe wako. Hiyo hadithi ya kutangazwa nayo naijua. Mimi naandika makala ya kulipwa, mengi bila jina langu, na kuna mteja aliwahi kunipa nusu ya pesa tuliyoelewana akisema ati kazi yenyewe itanijenga jina. Mwenye nyumba wangu hapokei jina.

Anayeninyima usingizi ni mwenye baa. Amelipa. Lakini amemlipa nani?

Hapa Kenya, wimbo mmoja una wadai wa aina tatu. Kwa miaka mingi MCSK, iliyoanza 1983, ilikusanya kwa niaba ya watunzi; KAMP kwa niaba ya wenye rekodi; PRISK kwa niaba ya walioimba na kupiga vyombo. Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, ndiyo huwapa wakusanyaji wa aina hiyo ruhusa ya kufanya kazi. Na redio ya intaneti haijaachwa nje: kuupeleka wimbo kwa watu kupitia mtandao bado ni kuupeleka kwa umma, uwe na mnara wa FM ama usiwe nao.

Rafiki yangu ana redio ya aina hiyo. Laptopu, maiki moja, chumba kimoja, na wasikilizaji kama arobaini usiku ukiwa mzuri, wengi wao Wakenya walio Doha na Riyadh wakilinda mageti na kulea watoto wa wenyewe. Anacheza benga na zilizopendwa. Anataka kulipa. Mimi nilitoka chuo mwaka wa pili, lakini karatasi nasoma, kwa hivyo tulikaa chini tukachambua leseni yenyewe inafanya nini.

Leseni ya jumla ina huruma ndani yake. Unalipa mara moja, unacheza chochote. Bila hiyo, rafiki yangu angelazimika kutafuta warithi wa kila mpiga gitaa aliyewahi kurekodi River Road, mmoja mmoja. Shida ni kwamba pesa ikishaingia kwenye chungu, chungu hakijui ilitoka kwa wimbo gani. Kinajua tu kilichohesabiwa. Kama stesheni kubwa ndizo zenye orodha, shilingi iliyomhusu mzee wa benga itaishia kwa staa ambaye rafiki yangu hajawahi kumcheza, na hakuna aliyevunja sheria.

Usidhani ukihamia Spotify, iliyofika hapa 2021, umeepuka. Huduma kama hizo kwa kawaida huweka pesa zote pamoja, kisha hugawa kulingana na fungu la kila wimbo katika usikilizaji wote. Ukimsikiliza mtu mmoja mwezi mzima, pesa yako haiendi kwake peke yake. Na tangu 2024, rekodi ambayo haijasikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12 haipati mirabaha ya Spotify.

Basi si tuhesabu kila kitu? Marekani, stesheni za intaneti hutozwa kwa kila wimbo, kwa kila msikilizaji. Stesheni ndogo zilikuwa na nafuu yao. Nafuu hiyo ilipoisha mwisho wa 2015, Live365, iliyobeba maelfu ya redio ndogo, ilifunga Januari 2016, wawekezaji nao wakiwa wamejitoa. Hesabu kamili inamtendea haki msanii, halafu inamfungia duka yule aliyekuwa akimcheza.

Wengi mtaani hulimaliza swali kwa hasira: wakusanyaji hawaaminiki, kwa hivyo hatulipi. Hasira hiyo haikuanguka kutoka juu. Mwaka 2016 kundi la Elani lilitoka hadharani kulalamikia malipo yake ya MCSK, na 2017 KECOBO ikainyima MCSK leseni, ikaipa MPAKE. Lakini chukulia umemtuma binamu na karo ya mtoto, akaila njiani. Mtoto amerudishwa nyumbani. Huwezi kusema "mimi nilituma" halafu ulale. Na pia huwezi kusema "sitatuma tena". Dawa ya deni ni kulipa, na anayekudai ni mtoto, si binamu.

Ndiyo maana naona leseni ni njia ya kutuma malipo. Bado si malipo yenyewe. Anayecheza wimbo anadaiwa vitu viwili: pesa na jina. Jina ndilo tunalidharau. Angalia Malaika: wengi humtaja Fadhili William, Adam Salim wa Tanzania alidai ni wake, Miriam Makeba akaupeleka duniani, na watu wangali wanabishana. Wimbo ukipoteza jina, hata pesa safi haijui ibishe mlango gani.

Rafiki yangu huandika kila anachocheza: wimbo, mtunzi, mwimbaji, mwaka akiupata. Huwataja hewani pia. Orodha hiyo ataiambatanisha na malipo yake, iwe imeombwa ama haijaombwa. Haitoshi, najua. Mkusanyaji anaweza kuitupa. Lakini hapo hataweza kusema hakujua pesa ni ya nani.

Mwenye baa naye simdai mengi. Cheti chake na kikae hapo ukutani. Ningependa tu, wimbo ukiisha, aweze kuniambia ulikuwa wa nani.