Mwezi wa Marekani Huandama Studioni

Katika fikihi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, lipo swali la kale linaloamshwa upya kila mwaka Ramadhani inapokaribia kumalizika: je, mwezi mpya huanza pale unapokuwepo angani ijapokuwa hapana aliyeuona, au pale unapoonwa na shahidi anayekubalika, au pale mwenye mamlaka anapotangaza kwamba umeonekana? Waislamu wa Afrika Mashariki wanalijua swali hili kwa matumbo yao, kwa kuwa hutokea mtaa mmoja ukawa na nyumba inayosherehekea Idi na nyumba jirani ambayo bado imefunga, kila moja ikiwa na hakika kwamba imemfuata shahidi aliye sahihi. Swali hilohilo, likiwa limevuliwa kanzu na kuvishwa suti na tai, huzuka Marekani kila baada ya miaka minne katika usiku wa uchaguzi wa Novemba, na ajabu yake ni kwamba taifa linalojigamba kutenganisha dini na dola limewaachia watangazaji wa televisheni kazi inayofanana mno na ya kadhi.

Msomaji wa Kenya au Tanzania, aliyezoea kumsubiri mwenyekiti wa tume ya uchaguzi asimame mbele ya vipaza sauti na kusoma tarakimu, huenda asiamini upesi kwamba Marekani haina mtu wa namna hiyo. Ipo tume ya shirikisho inayofuatilia fedha za kampeni, lakini haihesabu kura hata moja. Uchaguzi ni shughuli ya majimbo 50 pamoja na mji mkuu wa Washington; kila jimbo lina sheria zake, kura huhesabiwa katika kaunti na miji, matokeo rasmi huidhinishwa wiki kadhaa baadaye, kisha wajumbe maalumu 538, ambao ndio wanaomchagua rais kisheria, hukutana Desemba, na kura zao hufunguliwa mbele ya Bunge la Congress tarehe 6 Januari. Pengo lililopo kati ya kufungwa kwa vituo na siku hiyo ya Januari ni refu kuliko subira ya binadamu, nalo limezibwa na vyombo vya habari. Shirika la Associated Press limekuwa likijumlisha kura na kutaja washindi tangu 1848, na mitandao mikubwa ya televisheni ina kile inachokiita dawati la uamuzi, yaani chumba cha wanatakwimu ambao hulinganisha kura zilizokwisha kuhesabiwa, mwenendo wa kila kaunti katika chaguzi zilizopita, na majibu ya wapigakura waliohojiwa, halafu humnong'oneza mtangazaji kwamba jimbo fulani limekwisha.

Kitendo hicho cha kusema kwamba jimbo limekwisha ndicho chenye utata wa kifalsafa. Mwanafalsafa Mwingereza J. L. Austin, katika mihadhara aliyoitoa Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1955, alitenga kauli zinazoeleza jambo, ambazo huweza kuwa kweli au uongo, na kauli zinazotenda jambo, ambazo haziulizwi ukweli wake bali huulizwa kama msemaji alikuwa na haki ya kuzitamka. Anayesema mvua inanyesha anaeleza. Walii anayesema nimekuoza haelezi ndoa, anaifunga. Mwenyekiti wa tume anapomtangaza mshindi, neno lake liko upande wa walii, ndiyo maana akikosea hulazimu kwenda mahakamani. Dawati la uamuzi, kwa kauli yake lenyewe, liko upande wa mvua: halichagui mtu wala halimpi mtu madaraka, linaeleza tu kwamba aliye nyuma hana tena njia ya kumfikia aliye mbele. Hata hivyo, mara tu neno hilo linapotoka, aliyeshindwa huchukua simu kumpongeza mwenzake, marais wa nchi za mbali hutuma salamu, masoko ya hisa hupanda au kushuka, na walinzi huongezwa kwenye nyumba ya mtu ambaye kisheria bado ni mgombea kama wagombea wengine. Wamarekani wenyewe hutumia hapa kitenzi chao chenye maana ya kuita, wakisema kwamba jimbo limeitwa, na si rahisi kujua kama wanakusudia kuita kwa maana ya kutaja jina la kitu kilichopo, au kuita kwa maana ya kukiamuru kije.

Hakuna usiku uliouanika utata huu kama ule wa tarehe 7 Novemba 2000. Ilipokaribia saa mbili usiku kwa saa za pwani ya mashariki, mitandao ilimpa Al Gore jimbo la Florida, ilhali vituo vya magharibi mwa jimbo hilo, ambako saa iko nyuma kwa saa moja, vilikuwa bado wazi na watu wako kwenye foleni. Kiasi cha saa nne usiku tangazo hilo likaondolewa. Saa nane na dakika 16 usiku, mtandao wa Fox ulimpa George W. Bush Florida na pamoja nayo urais, na washindani wake, ambao kwa kawaida hawakubaliani hata kuhusu hali ya hewa, wakaufuata ndani ya dakika chache. Aliyeongoza dawati la uamuzi la Fox usiku huo alikuwa John Ellis, mtoto wa shangazi yake Bush; fikihi ina maneno mengi kuhusu ushahidi wa jamaa wa karibu, lakini televisheni ya Marekani haikuona haja ya kuyatafuta. Miongoni mwa takwimu zilizokuwa zikiingia wakati huo zilikuwemo za kaunti ya Volusia, ambako hitilafu ya kompyuta ilikuwa imempa Gore kura hasi 16,022, yaani si kwamba watu hawakumchagua, bali ni kana kwamba maelfu walikwenda kituoni kumnyang'anya kura alizokuwa nazo.

Gore aliiamini televisheni. Alimpigia Bush simu ya kukubali kushindwa, akapanda gari kuelekea uwanja wa kumbukumbu ya vita mjini Nashville, ambako wafuasi wake walikuwa wakimngojea, na alikuwa karibu kabisa kupanda jukwaani wasaidizi wake walipompata na kumweleza kwamba tofauti ya kura ilikuwa ikiyeyuka. Akampigia Bush tena kuiondoa kauli yake. Kwa mujibu wa masimulizi yaliyochapishwa sana baadaye, Bush alisema kwamba ndugu yake, ambaye ndiye aliyekuwa gavana wa Florida, alikuwa amemhakikishia ushindi, naye Gore akamjibu kwamba huyo mdogo wake siye mwenye neno la mwisho katika jambo hili. Jibu hilo linastahili kuzingatiwa, kwa kuwa saa hiyo ya usiku, kati ya mtandao wa televisheni, gavana, kompyuta ya Volusia na wapigakura wenyewe, hakuna aliyeweza kusema neno la mwisho ni la nani. Ilipofika alfajiri mitandao iliondoa tangazo lake la pili. Bush alikuja kuidhinishwa kwa tofauti ya kura 537, na tarehe 12 Desemba Mahakama ya Juu, kwa majaji 5 dhidi ya 4, ilisimamisha kuhesabu upya.

Hapa ndipo mfano wa mwezi unapofikia ukomo wake, kwa sababu mwezi hausikilizi redio. Ukitangazwa kabla ya kuandama hauongezi mwendo, na ukicheleweshwa haurudi nyuma, lakini mpigakura husikia, naye akisikia kwamba mambo yamekwisha huweza kukunja uso na kurudi nyumbani. Mwaka 1980 mtandao wa NBC ulimtangaza Ronald Reagan saa mbili na robo usiku, na Jimmy Carter akakubali kushindwa wakati vituo vya pwani ya magharibi vilikuwa bado havijafungwa, jambo lililowakera mno wagombea wa vyeo vidogo wa chama chake huko, waliohitaji watu wabaki kwenye foleni. Mitandao iliahidi baadaye kutotangaza jimbo kabla vituo vyake havijafungwa. Ahadi hiyo, ikitazamwa vizuri, ni ungamo: shahidi wa kawaida haombwi kuahidi kwamba macho yake hayataugusa mwezi.

Lipo pia suala la kujua. Mwaka 1963 Edmund Gettier alichapisha makala ya kurasa tatu tu yenye mifano ya watu wanaoamini jambo la kweli, tena kwa sababu zinazoonekana nzuri, na bado isiweze kusemwa kwamba wanalijua, kwa kuwa ukweli umewaangukia kwa bahati. Historia ya usiku wa uchaguzi ingeweza kumwongezea kurasa nyingine. Mwaka 1952 kompyuta ya UNIVAC, iliyotumiwa na mtandao wa CBS kama kivutio, ilipiga hesabu mapema kwamba Dwight Eisenhower angeshinda kwa kishindo. Watu wa studio, waliokuwa wamesikia kutoka kwa kila mjuzi kwamba kinyang'anyiro kingekuwa cha bega kwa bega, waliificha hesabu hiyo hadi matokeo yalipowaumbua. Mashine ilikuwa na ukweli bila ya kuaminiwa. Mwaka 2020 mambo yalikwenda kinyume: saa tano na dakika 20 usiku, Fox iliipa kambi ya Joe Biden jimbo la Arizona wakati mitandao mingine mingi ikiona ushahidi haujatosha, na tofauti ikawa inapungua siku hadi siku mpaka ikabaki kura 10,457. Fox ilisema kweli. Kama ilijua au ilipata tu, hilo ni swali ambalo wanatakwimu wamelumbana juu yake.

Kilichofuata kinaangukia zaidi upande wa dini kuliko wa takwimu. Fikihi humtaka shahidi awe mwadilifu, yaani mtu ambaye mwenendo wake haumpi sababu ya kusema uongo, na shahidi wa Fox alikuwa anaishi kwa watazamaji ambao hawakuutaka mwezi huo. Watazamaji walikasirika na wengi wakahamia kwingine, na katika wiki zilizofuata baadhi ya vipindi vya mtandao huo vilitoa nafasi kwa madai kwamba mashine za kupigia kura za kampuni ya Dominion zilikuwa zimeiba kura. Kampuni hiyo iliishtaki Fox katika mahakama ya Delaware, nyaraka za kesi zikaonyesha kwamba watangazaji mashuhuri walikuwa wakiyadharau madai hayo faraghani, jaji akaeleza kwamba hayakuwa ya kweli, na Aprili 2023 Fox ikakubali kulipa dola milioni 787.5. Katika mabishano ya Idi, hata aliyekosea huaminiwa kwamba alitazama angani. Hapa walikuwepo waliotazama kwanza sura za wateja.

Upande wa pili haukuwa na usafi wa kujivunia. Kabla ya uchaguzi wa 2016 gazeti la New York Times lilimpa Hillary Clinton nafasi ya kushinda ya asilimia 85, tovuti ya HuffPost ikampa 98, na tovuti ya ubashiri ya FiveThirtyEight, iliyolaumiwa na baadhi ya watu kwa woga, ikampa 71. Ubashiri wa namna hii una faraja moja kubwa kwa mbashiri: anayesema uwezekano wa mwezi kuonekana leo ni asilimia 71 hawezi kamwe kushtakiwa kwa uongo, uandame au usiandame. Ni kauli isiyoeleza wala kutenda, na pengine Austin angehitaji kuitafutia kabati lake.

Mwandamo wa kisheria, hata hivyo, upo, na hufanyika karibu bila watazamaji. Desemba wajumbe hukutana katika makao makuu ya majimbo yao, hutia saini vyeti vya kura zao na kuvituma Washington, ambako makamu wa rais, akiwa rais wa Seneti, huongoza kikao na kutangaza hesabu. Utaratibu huu una jambo ambalo waliouandika huenda hawakulikusudia. Katika sheria za Kiislamu ushahidi ulio mzito kuliko wote ni ikrari, yaani mtu kukiri jambo lililo dhidi yake mwenyewe, na mara kadhaa Katiba ya Marekani imempa kiti cha kuongoza kikao hicho mtu aliyeshindwa. Tarehe 6 Januari 2025 Kamala Harris alisoma kwa sauti yake kura 312 za Donald Trump na 226 za kwake. Tarehe 6 Januari 2001 aliyekuwa kitini alikuwa Al Gore. Wabunge wa chama chake walisimama mmoja baada ya mwingine kupinga kura za Florida, naye akamuuliza kila mmoja kama pingamizi lake lina saini ya seneta, kama sheria ilivyotaka. Hapakuwa na seneta hata mmoja aliyetia saini, naye akagonga nyundo, akawaketisha, akatangaza kwamba George W. Bush amepata kura 271 na Al Gore 266.