Mpira Unaosamehe
Fundi mwenye haraka huweka rula juu ya kapilingi, akiona haina mwanya mkubwa anakaza bolti. Shafti ya mota na shafti ya kinu zikipishana kidogo, mpira wa katikati utameza tofauti. Mpira unasamehe, atasema.

Nina shaka na msamaha huo. Mpira haufuti kosa, unalihamisha. Kila mzunguko hukunjwa na kukunjuka, na mzigo wa kuukunja huishia kwenye beringi. Mota ya mizunguko 1,450 kwa dakika hurudia jambo hilo mara 87,000 kwa saa. Wakati huo fundi keshaondoka. (Mashine nyingi za kusaga hutumia mikanda, yenye uvumilivu zaidi. Nazungumzia zile zilizounganishwa shafti kwa shafti.)

Tumchukulie mama mwenye mashine huko Mbebe, wilayani Ileje. Madebe yamepangwa foleni. "Mwanangu, we fanya isage tu leo." Fundi anajua kwamba kupima sawasawa, juu na chini, kushoto na kulia, kutamaliza mchana mzima. Akimtii, amemdanganya? Wapo watakaosema hapana: aliomba isage, imesaga. Mimi naona aliridhia kitu ambacho hakutajiwa bei yake. Bei ni beringi, nauli ya kuifuata Tunduma au Mbeya, na siku ambazo kinu kitalala. Angeambiwa, "Mama, leo itasaga, lakini beringi haitafika mbali," kisha akachagua unga wa leo, nisingemlaumu fundi hata kidogo.

Kwenye injini ya dizeli jambo linakuwa gumu zaidi. Chuma kikipata moto hutanuka. Shafti iliyo sentimita 30 juu ya msingi, joto likipanda nyuzi 50, itainuka karibu milimita 0.17. Kwa hiyo fundi makini huiacha injini chini kidogo ikiwa baridi, makusudi, ili shafti zikutane kazini. Hapo kazi ya haki inafanana na kazi mbovu, na ile mbovu inaonekana imenyooka. Yule mama hana jicho la kuzitofautisha. Anachoweza kukiamini ni maneno ya fundi tu, naye fundi asipoyasema, hata kazi yake nzuri haina ulinzi.

Maana asubuhi akija fundi mwingine, injini haijawashwa, ataweka rula juu ya kapilingi, atatikisa kichwa, kisha ataanza kulegeza bolti.