Majeraha 12 ndani ya Behewa, na Damu ya Bugendana



 

Ndugu zangu wanafunzi, Burundi bado tunaisubiri reli ya kutoka Uvinza, kwa hiyo wengi wetu treni tunaijua kwenye filamu tu. Mojawapo ni Murder on the Orient Express, aliyoiongoza Sidney Lumet mwaka 1974 na Kenneth Branagh mwaka 2017, kutokana na riwaya ya Agatha Christie. Treni inakwama kwenye theluji, na abiria mmoja anakutwa amekufa kwa majeraha 12 ya kisu. Mpelelezi Poirot anagundua kwamba marehemu aliwahi kumteka mtoto mdogo na kumuua, kisha akaponyoka mkono wa sheria. Waliomchoma ni jamaa, marafiki na watumishi wa familia ile, kila mmoja kwa zamu, hata asijulikane ni pigo la nani lililoua. Mwishoni Poirot anakubali polisi waambiwe uongo, nao wanaachiwa. (Asiyeiona anisamehe, ina zaidi ya miaka 50.)

Tukifika hapo wengi tunapumua: haki imetendeka! Tusimame kidogo.

Filamu imetupa mambo mawili ambayo maisha hayatupi. Kwanza, aliyeuawa ni muuaji kweli, bila shaka yoyote. Pili, kisasi kinaishia palepale. Treni inaendelea na safari, na hakuna mtoto wa marehemu anayekua akiwatafuta wale 12.

Sasa twendeni Bugendana, hapa Gitega. Tarehe 20 Julai 1996 kambi ya wakimbizi wa ndani ilishambuliwa na zaidi ya watu 300 wakauawa, wakiwemo wanawake na watoto wengi. Walikuwa wamekimbia mauaji yaliyofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, Oktoba 1993. Siku tatu baadaye, kwenye mazishi, Rais Sylvestre Ntibantunganya alitupiwa mawe. Tarehe 25 jeshi likamweka Pierre Buyoya madarakani, na vita ikaendelea kwa miaka mingi. Kila upande ulikuwa na jeraha la kweli la kutaja: 1972, 1993, kisha 1996. Lakini mtoto wa kambini alimteka nani? Alimuua nani?

Katika Surat al-Israa, aya ya 33, Allah (s.w.) amempa mamlaka mrithi wa aliyeuawa kwa dhulma, na papo hapo akamkataza kupindukia. Wafasiri wametaja kwamba kumuua asiyekuwa muuaji ni katika huko kupindukia, na ndivyo walivyofanya Waarabu wa Jahiliya: akiuawa mmoja wao, hutafuta mtu yeyote wa kabila la pili. Na mamlaka hayo hupitia kwa kadhi, kwa ushahidi. Hayapitii gizani, mlango wa behewa ukiwa umefungwa.

Vipi kuhusu ile hila ya kugawana mapigo ili lawama isimpate mtu? Zama za Sayyidna Umar (r.a.) kundi la watu lilishirikiana kumuua mtu mmoja kule Yemen. Umar akawahukumu wote, akasema kwamba lau watu wote wa San'aa wangeshiriki, wote angewaua kwa ajili yake. Kwake, damu iliyogawanywa kwa watu 12 haikupungua hata tone. Kila mmoja anaibeba nzima, yule aliyechoma mara moja tu, na pia yule aliyesema alifuata wenzake.

Nawaambia haya nyinyi kwa sababu wengi wenu mlizaliwa baada ya Makubaliano ya Arusha ya mwaka 2000. Hamkushika panga, lakini mmerithi hadithi. Mtu akisema bwenini, "wale ndio walivyo," ameshawaingiza ndani ya behewa, na anayecheka amepokea kisu.

Tena kuna jambo wanazuoni wengi wamelipitisha, wakiwemo Mashafii ambao wengi wetu hapa tunawafuata. Warithi wakiwa 12, na mmoja wao akasamehe, kisasi cha kuua kinaanguka kwa wote, na waliobaki haki yao inakuwa kwenye dia. Mmoja tu anatosha, hata awe binti mdogo kuliko wote, maadamu amebaleghe. Ndani ya treni ile walikuwapo watu 12 wenye uchungu wa kweli, na hakuna hata mmoja aliyesema, "Mimi nimesamehe."