Swali Lisiloulizwa

Muuza vitabu vya mtumba niliyemzoea kando ya Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, hapangi vitabu kwa aina. Hupanga kwa ukubwa, ili mvua ikinyesha akunje turubai na kukimbia navyo. Siku moja nikakuta Shamba la Wanyama limelalia riwaya ya upelelezi ya Elvis Musiba, na chini yake kemia ya kidato cha pili. "Chagua, kaka. Vyote buku mbili mbili."

Tangu hapo najiuliza: ni nini hasa kinachotenga hadithi ya wanyama na ya upelelezi, na hizo mbili na ya majini? Jibu jepesi ni wahusika. Lakini Fortunatus Kawegere alipotoa Shamba la Wanyama, tafsiri yake ya kitabu cha Orwell, mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha, sidhani kuna aliyekinunua ili ajue kufuga nguruwe.

Nadhani kinachozitenga ni swali lisiloruhusiwa. Kila aina ya hadithi ni mapatano kati ya msimulizi na msikilizaji, nayo mapatano hayo yamesimama juu ya jambo ambalo wote wawili wamekubali kulinyamazia. Kwenye ngano, ni mwiko kuuliza sungura kajifunzia wapi kusema. Hadhira yenyewe huukaribisha uongo kwa sauti kabla mtambaji hajaanza. Kwenye upelelezi, mwiko ni kuridhika mapema: huwezi kufunga jalada kwa kusema marehemu karogwa, au siku zake zilifika. Kwenye hadithi za ajabu, jini hatumuulizi kapitaje ukutani. Ila akishaweka sharti, linambana hata yeye.

Muhammed Said Abdulla aliichezea miiko hii kwa makusudi. Jina la riwaya yake ya 1960, Mzimu wa Watu wa Kale, linamwandaa msomaji kwa mizuka. Maiti inakutwa kwenye mzimu, na watu jibu wanalo tayari. Halafu anaingia mpelelezi, Bwana Msa na kiko chake, mtu asiyeridhika upesi.

Shaaban Robert alifika mbali zaidi, tena mapema zaidi. Katika Adili na Nduguze, kodi ya Janibu imechelewa, na mfalme anatuma mjumbe akafuatilie. Shughuli ya kiofisi tu. Usiku mjumbe anamwona mwenyeji wake, Adili, mtawala mwema anayesifiwa na kila mtu, akiwachapa viboko manyani wawili, kisha akiwabembeleza na kuwalisha. Kwa nini? Tayari tumo kwenye upelelezi, na mfalme anataka majibu. Kumbe manyani wale ni ndugu zake wa damu, waliogeuzwa kwa uovu wao, na kipigo cha kila usiku ni amri aliyopewa na jini; huruma yake haiwezi kuitangua. Mara tatu msomaji anadhani amekijua kitabu, na mara tatu swali lililokatazwa linabadilika. Kisa chenyewe kina asili katika Alfu Lela Ulela, ambako wanaochapwa ni mbwa. Naona Shaaban Robert alifanya vyema kubadili. Nyani ana vidole. Akiinua mkono kujikinga, unauona mkono wa mtu.

(Wahakiki wetu waliziita riwaya za akina Musiba "pendwa", na nyingine "dhati". Sijui lugha ngapi zimeweza kuligeuza neno la mapenzi kuwa dharau.)

Mapatano haya ya kunyamaza si ya vitabuni tu. Soko kuu la Kariakoo lilipoungua usiku wa Julai 10, 2021, asubuhi yake vijiwe vya kahawa vilijaa hadithi. Mmoja alimtafuta mwenye hatia, kana kwamba moto hauwezi kuwaka bila njama. Mwingine alisoma ishara. Wa tatu aligawa wakubwa na wadogo kuwa fisi na sungura, akacheka, akamaliza kahawa yake. Serikali iliunda kamati ya uchunguzi, lakini vijiweni kila mtu alikuwa na yake. Sikuona mjinga hata mmoja pale. Niliona watu waliozoea mapatano ya aina moja, kiasi kwamba hawakujua tena kuna swali wamelinyamazia. Anayesoma upelelezi na ngano na majini hawi na majibu zaidi yao. Huenda akawa nayo machache. Lakini husikia pale hadithi yake mwenyewe inapomziba mdomo.

Mzee mmoja wa Gerezani alinipinga. Yeye, alisema, amesoma kitabu kimoja maisha yake yote, na hajaona kilichompungukia. Sikuwa na la kumjibu, maana busara yake inajulikana mtaa mzima. Akaufungua msahafu wake, akanionyesha alipo mdudu chungu anayewaonya wenzake waingie majumbani mwao, na Nabii Sulemani akatabasamu kwa kumsikia. Akafunua tena, akarudi nyuma hadi Sura ya Yusufu.

"Haya, wewe msomi. Kanzu ya Yusufu ilichanwa wapi?"

"Nyuma, babu."

"Basi mwongo nani?"