Gari Kuukuu na Amani ya Nyumba



Kuna maswali ambayo hatuyapeleki kwa padre wala kwa katekista kwa kuwa tunadhani si ya dini. Moja ni hili: gari letu limezeeka, tulitengeneze tena, au tuliuze tutafute lingine? Hata hivyo, swali hilo limewafanya mume na mke wengi wale meza moja wiki nzima bila kusemezana. Jambo linalozima mazungumzo ya wanandoa ni la dini, hata kama linanuka petroli.

Katika Nakuru yetu, ukitaja gari kuukuu la familia, wengi hukumbuka Peugeot 504 stesheni wagoni. Magari ya 504 yaliunganishwa hapa nchini, na mengine ya aina hiyo yalishinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978. Stesheni wagoni zake zilibeba abiria kati ya Nakuru na Nairobi kwa miaka mingi. Zilizobaki bado hubeba viazi, mitungi ya maziwa, maharusi na majeneza. Gari la namna hiyo ni sehemu ya ukoo, na ndiyo maana ni vigumu kuliamulia.

Wanandoa fulani wa jumuiya ndogo ndogo walinieleza shida yao. Gari lao waliachiwa na baba mzazi wa mume. Kwa mume, kuliuza kulikuwa kama kumzika baba mara ya pili. Mke huuza kabichi na viazi sokoni, naye ndiye aliyelisukuma asubuhi za baridi huku wateja wakimsubiri. Kila mmoja alikuwa na haki yake. Nikamwuliza mama, "Je, unalichukia gari hili?" Akajibu, "Hapana, mwalimu. Ninachochukia ni kusikia habari za pesa zetu kutoka kwa fundi." Mume akainamisha kichwa. Kumbe ugonjwa haukuwa ndani ya injini.

Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana wetu anataja mtu anayetaka kujenga mnara. Kabla ya kuweka msingi, mtu huyo anaketi na kuhesabu gharama, asije akachekwa kwa kushindwa kumaliza. Shikeni neno hilo: kuketi. Katika ndoa huketi wawili. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 1135, inafundisha kwamba mume na mke wana wajibu na haki sawa katika maisha yao ya pamoja. Kwa hiyo baba asiseme, "Wewe hujui mambo ya magari." Wala mama asiseme, "Hilo ni gari lako, shauri yako."

Basi ketini na daftari. Mambo manne yatawasaidia.

Kwanza, andikeni ukweli wote. Toeni risiti za mwaka mzima: spea, fundi, oili, magurudumu. Msitegemee saa ya kilomita peke yake. Saa za magari mengi ya zamani zilikuwa na tarakimu tano. Zikipita 99,999 zinaanza tena na sufuri. Hivyo saa inayoonyesha 43,000 huenda ni 143,000 au zaidi. Msidanganyike pia na gari linalotoka Japani. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililotumika kwa zaidi ya miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, lakini umri mdogo si cheti cha afya, na wako watu wanaorudisha saa nyuma. Mpelekeeni fundi mnayemwamini alikague kabla ya kulipa.

Pili, hesabuni kwa mwezi. Tuseme matengenezo ya mwaka yamekuwa shilingi 84,000. Hiyo ni 7,000 kwa mwezi. Tuseme tena gari lenu linakunywa lita 12 kwa kilomita 100, na lile mnalolitaka linakunywa lita 7. Mkienda kilomita 1,000 kwa mwezi, tofauti ni lita 50; kwa shilingi 180 kwa lita, ni shilingi 9,000. Gari kuukuu basi linawadai 16,000. Sasa tazameni mkopo wa shilingi 600,000 wa miaka minne, kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi juu ya deni linalobaki. Mtalipa karibu 15,800 kila mwezi, na gari hilo nalo lataka oili na bima. Hapo mizani inakaribia kulingana. Lakini kama mnakwenda kilomita 300 tu, tofauti ya petroli inashuka hadi 2,700, na gari la zamani lina nafuu kubwa. Ndiyo maana siwezi kuwaamulia: kilomita zenu ni zenu.

Tatu, uhai hauna bei. Anayeshuka mteremko wa Sachangwan kuelekea Salgaa anajua kwamba breki si jambo la kuahirisha hadi mwisho wa mwezi. Amri ya tano inatukataza kuua, na uzembe pia huua. Kama chasisi imeliwa na kutu au breki hazishiki, msipakie watoto mkisema Mungu atalinda. Mungu ametupa pia macho ya kuona na fundi wa kutuambia. Gari lisilo salama lipumzike leo, hata kama la kulirithi halijapatikana. Matatu na miguu havimpunguzii Mkristo heshima.

Nne, deni lisiwe la siri. Mkopo wa SACCO una wadhamini, na mkishindwa kulipa, akiba ya jirani yenu ndiyo itakayoguswa. Karo ya mtoto nayo isigeuzwe kuwa rangi ya gari jipya. Ulizaneni kwa unyofu: tunataka gari la kutufikisha, au la kutazamwa kwenye uwanja wa kanisa baada ya Misa? Hayati Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, alitukanya juu ya tabia ya kutupa vitu ovyo. Vivyo hivyo, kung'ang'ania kitu kwa sababu ya fahari, huku mwenzako akiumia, si kutunza.

Wale wanandoa waliketi jioni tatu. Mume alileta risiti zote, hata zile alizozificha ndani ya kiti. Mke akasema kwamba anaheshimu machozi ya mumewe kwa baba yake. Walitengeneza breki, wakaamua kulitumia mwaka mmoja kwa safari za karibu tu, na kuweka akiba kila mwezi kwa jina la wote wawili. Mwaka ulipokwisha waliliuza. Siku hiyo mume aliomba Misa kwa ajili ya marehemu baba yake, na mke akaketi kando yake.

Mabati huisha, wapendwa. Ahadi mliyowekeana mbele ya altare haina tarehe ya kuuzwa.

Maswali ya kujadiliana nyumbani:

1. Je, kuna matumizi ambayo mwenzangu ameyasikia kwa mtu mwingine kabla ya kuyasikia kwangu?

2. Tunapoamua jambo la pesa, ni nani kati yetu ambaye kwa kawaida hukaa kimya, na kwa nini?

3. Ni kitu gani tulichorithi ambacho tunahitaji kuzungumzia bila kuumizana?

Mungu awabariki na kuwalinda njiani.